Pua Ikitikisika, Usikimbilie Dampa: Kutafuta Kosa la Usukani wa Gurudumu la Mbele Kwenye Cessna 172 na 206

Rubani anazima injini, anafungua mlango, na kabla mguu wake haujagusa lami ameshasema: "Fundi, pua inatikisika kama cherehani." Kijana wa karakana hapo hapo anakimbilia stoo kuulizia dampa, kile kifaa cha kuzima mtikisiko wa gurudumu la mbele. Nilipokuwa mwanafunzi nami nilikimbia hivyo hivyo. Dampa inaonekana kirahisi, inafunguka haraka, na jina lake lenyewe linashawishi. Lakini kazi yake ni kuzima mtikisiko ulioanzia mahali pengine. Ukiibadilisha bila kutafuta chanzo, ndege itatulia kwa muda, kisha dampa mpya nayo itachoka, na mwenye ndege atataka kujua pesa yake imeenda wapi.

Maelezo haya ni ya Cessna 172, ndege ya wanafunzi, na ya 206, ambayo huku kwetu hubeba watalii na mizigo hadi viwanja vya changarawe. Hayachukui nafasi ya kitabu cha matengenezo cha ndege yako. Vipimo vya mwisho viko humo. Na kama huna leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, iwe TCAA ya Tanzania, KCAA ya Kenya au ya nchi yako, fanya kazi chini ya mwenye leseni, maana saini ni yake.

Kwanza ujue nini kinageuza nini

Rubani akikanyaga pedali ya kulia, usukani wa mkia unaenda kulia, na wakati huo huo rodi zenye springi ndani yake zinageuza kola, pete ya chuma iliyovikwa kwenye mguu wa mbele, ile nguzo iliyobeba gurudumu. Silinda ya nje ya mguu imefungwa kwenye mwili wa ndege, haigeuki. Chuma cha ndani, kile kinachong'aa, ndicho kilichobeba gurudumu, na chenyewe kinapanda na kushuka kadiri ndege inavyopiga mashimo. Sasa kola inakigeuzaje kitu kinachopanda na kushuka? Kwa mkasi: vyuma viwili vilivyoungana katikati kama goti, cha juu kimeshika kola, cha chini kimeshika gurudumu. Dampa nayo imeshika kola upande mmoja na mwili wa mguu upande wa pili, izuie kola isichezecheze.

Kwenye 172, pedali peke yake hugeuza gurudumu nyuzi 10 hivi kila upande. Rubani akiongeza breki ya upande mmoja, springi zinakubali kuvutika na gurudumu linafika nyuzi 30. Za 206 ni tofauti, soma kitabu chake.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanafunzi wengi hulisahau. Ndege ikiwa angani mguu unanyooka mpaka mwisho, na ukinyooka hivyo gurudumu linajifunga katikati ili ndege itue pua ikiwa imenyooka. Gurudumu linaachiwa pale tu uzito wa ndege unapoubonyeza mguu. Likumbuke hilo, tutalirudia.

Msikilize rubani kabla hujagusa spana

Muulize: ni wakati wa kuruka au kutua? Mwendo gani? Lami au changarawe? Kumeanza ghafla au kumekuwa kukiongezeka? Majibu yake yanakupunguzia nusu ya kazi.

Mtikisiko unaokuja kwenye mwendo fulani, ukipita mwendo huo unapotea, mara nyingi ni wa tairi: haina mizani au imelika upande mmoja. Mtikisiko unaoanza gurudumu linapogusa tu na hauachi mpaka ndege ikaribie kusimama, tafuta kiungo kilicholegea. Ndege inayovuta upande mmoja huku pua imetulia kabisa, nenda nyuma kwanza: breki inayoshika, au tairi kubwa moja ina upepo mdogo kuliko mwenzake. Pedali nzito ni mguu uliojazwa kupita kiasi, kola kavu isiyo na grisi, au chuma kilichopinda. Pedali zinazokwenda bila gurudumu kuitikia ni rodi na springi zake.

Ikiwa anasema ndege inavuta kushoto kila anapoongeza nguvu ya injini kuruka, usifungue kitu. Hiyo ni kazi ya propela, na dawa yake ni mguu wa kulia wa rubani.

Kuna swali jingine linalohitaji adabu. Ndege iliyotua na mwendo mkubwa, pua ikabwagwa chini, itatikisika hata ikiwa mpya. Kapteni hapendi kuambiwa hivyo na fundi. Mimi husema: "Kapteni, naomba safari ijayo ukishagusa uishikilie pua juu kidogo, uishushe taratibu, uniambie kama kuna tofauti." Kukiwa na tofauti, yeye mwenyewe ameshajua.

Usalama, bila mzaha

Gurudumu la mbele liko nyuma ya propela. Utapiga magoti pale, utainua kichwa, utashika propela ili usimame. Kwa hiyo zima magneti (vifaa vinavyotoa cheche za injini) na swichi kuu, toa ufunguo, uweke mfukoni mwako. Usiuache kwenye dashibodi wala usimpe mtu. Weka kabari kwenye magurudumu ya nyuma. Hata hivyo, propela ichukulie kwamba inaweza kuzunguka ghafla. Waya wa magneti ukikatika, cheche hazizimiki, na hauulizi ufunguo uko wapi.

La pili: mguu wa mbele una hewa au nitrojeni iliyoshindiliwa. Usifungue bolti ya mkasi kabla hujatoa hewa yote ya mguu. Mkasi ndio unaozuia chuma cha ndani kisichomoke. Ukiufungua mguu ukiwa na hewa, chuma na gurudumu vinaweza kutoka kama risasi. Vivyo hivyo kwa ringi: ni nusu mbili zilizobanwa kwa bolti, na hazifunguliwi tairi ikiwa na upepo.

Hatua ya 1: Tairi

Pima upepo asubuhi, tairi ikiwa baridi na ndege iko kivulini. Tazama kibao au kitabu cha ndege hiyo hiyo, maana hapa watu hukosea kwa kukumbuka namba ya ndege ya jana: 172S hutaka psi 45 (psi ni kipimo cha shinikizo) mbele, wakati 172N ya zamani hutaka 31.

Kisha itazame tairi. Sehemu iliyolika bapa kwa sababu ya breki hutokea zaidi kwenye tairi za nyuma, lakini ya mbele nayo hulika bapa ikiburutwa huku imekatwa kona. Ukishaiinua pua, zungusha gurudumu polepole huku umeshika chaki karibu na mpira, mkono umeegemea kitu kisichotikisika. Chaki ikigusa sehemu moja tu na kuacha nyingine, tairi si duara.

Mizani nayo. Tairi ya ndege ina doa jekundu linaloonyesha upande mwepesi, na mrija wa ndani huwekewa alama upande wake mzito, vikutanishwe. Kama mrija hauna alama, doa likae kwenye valvu. Nimefungua tairi nyingi nikakuta doa liko upande wa pili kabisa, aliyeifunga hakujua lile doa ni la nini. Kama ndege ina kiatu cha gurudumu, yaani kava lake, kifungue uchunguze ndani: msimu wa mvua udongo hushikana humo, hukauka, na husugua tairi.

Hatua ya 2: Mguu wenyewe

Futa chuma kinachong'aa kwa kitambaa laini chenye mafuta yale yale ya haidroliki. Vumbi jekundu la viwanja vya mbugani likichanganyika na mafuta huwa kama msasa. Kila mguu ukibonyea linakata sili. Mafuta yakitiririka, au chuma kikiwa na mikwaruzo inayokwama kwenye ukucha, shida ya mguu hiyo, na kuongeza hewa hakutaiponya.

Kosa ninalolikuta zaidi ni hili: mguu umepungua mafuta, mtu anaona pua imeinama, anaongeza hewa. Pua inasimama vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini hewa peke yake ni springi tu, haizimi kitu, na ukiizidisha mguu unanyooka karibu hadi mwisho hata ndege ikiwa chini. Hapo lile nililosema tulikumbuke: mguu ulionyooka hujifunga katikati. Rubani anakanyaga pedali, pua inakataa kugeuka, anaandika kwenye kitabu kwamba usukani ni mzito, na fundi anaanza kufungua rodi ambazo hazina kosa lolote.

Mpangilio sahihi ni mafuta kwanza, hewa baadaye. Kwenye 172 mguu hujazwa psi 45 gurudumu likiwa halina uzito juu yake; namba hiyo kufanana na ya tairi ya 172S ni bahati tu. Mafuta ni yale mekundu ya haidroliki ya ndege, 5606. Mafuta ya breki ya gari yataharibu sili zote. Jua pia kwamba mguu uliojazwa saa nane mchana Zanzibar utaonekana umelala kidogo alfajiri ya Arusha. Ni baridi, siyo uvujaji. Usiongeze mpaka uwe umepima.

Hatua ya 3: Inua pua, tazama ukuta

Pua huinuliwa kwa kuushusha mkia. Bonyeza mwili wa ndege mbele ya bawa la mkia, penye ubavu wa ndani, au funga uzito kwenye pete ya mkia. Usikalie wala usibonyeze bawa la mkia lenyewe, ingawa utawaona wengi wakifanya hivyo shuleni. Weka stendi chini ya pua. Usitegemee rafiki aliyeshika mkia, simu yake ikiita ataiachia.

Wakati pua iko juu na kava la chini la injini limefunguliwa, mulika tochi kwenye ukuta wa kuzuia moto pale mguu unapofungwa. Ukikuta bati limekunjamana, rivati zimelegea au rangi imepasuka, simama hapo. Ndege hiyo ilitua kwa pua, na matengenezo yake ni ya mwili, si ya usukani.

Hatua ya 4: Ncha ya kidole

Hii ndiyo hatua ninayoipa muda mwingi kuliko zote. Mguu ukinyooka gurudumu limejifunga katikati, kwa hiyo sehemu hiyo huwezi kuigeuza kama usukani, ila unaweza kusikia kila kitu kinachocheza. Msaidizi ashike gurudumu kwa mikono miwili, alisukume kushoto na kulia kwa mitetemo mifupi, kama anayetikisa ungo. Wewe weka ncha ya kidole juu ya kiungo, nusu ya kidole kwenye chuma kimoja, nusu kwenye cha pili. Jicho halioni mwachano wa unywele, kidole kinausikia. Anzia bolti ya chini ya mkasi, panda hadi goti lake, kisha bolti ya juu, kola, bolti mbili za dampa, ncha za rodi. Usiruke hata kimoja, na usiamini cha kwanza kinachocheza. Mara nyingi ni vitatu.

Nitatoa mfano mmoja. Ilikuja 206 yenye historia ya dampa mbili mpya ndani ya miezi michache. Mguu safi, tairi nzuri. Nikaweka kidole kwenye goti la mkasi: tuk, tuk, tuk. Tukatoa hewa ya mguu, tukaifungua bolti. Kwa macho ilikuwa inang'aa kama mpya. Nikaipitisha ukucha wa kidole gumba kutoka kichwani kwenda kwenye uzi, na katikati ukucha ukakwama: kulikuwa na ngazi nyembamba, chuma kimelika pale bushi zinapokutana. Kijana niliyekuwa naye akaishika, akaipitisha ukucha yeye mwenyewe mara tatu. "Mzee, yaani hiki tu?" Bushi mpya, bolti mpya, wosha za kujazia nafasi pembeni, na zile dampa mbili zilizotupwa nina hakika hazikuwa na kosa.

Unapofunga mkasi, ukaze kwa kipimo cha kitabu, na uweke kota pini mpya. Mkasi uliobanwa kupita kiasi nao ni kosa: mguu utasita kubonyea na kunyooka.

Kola nayo huvaa. Ikicheza juu na chini au ikiyumba kwenye silinda, hujazwa kwa wosha nyembamba maalumu mpaka ikae bila kuyumba lakini igeuke bila kushika. Ni kazi ya kujaribu na kurudia.

Hatua ya 5: Beringi

Shika tairi juu na chini, litikise. Likigonga, beringi imelegea. Fungua, osha, chunguza vidonge vyake kwa madoa ya kutu au rangi ya bluu ya moto, paka grisi ya ndege. Kaza nati huku ukizungusha gurudumu mpaka lianze kushika kidogo, kisha iachie hadi tundu la karibu la pini. Hakuna zaidi.

Hatua ya 6: Sasa dampa

Hapo ndipo zamu yake inapofika. Ifungue upande mmoja, shika fimbo yake, sukuma na vuta. Nguvu inayokukataa iwe sawa pande zote mbili, laini, bila pengo. Ukisikia sehemu ambapo fimbo inateleza bure halafu inashika, ndani kuna hewa. Kabla ya kuinunulia mwenzake, ivue kabisa, itumbukize yote kwenye karai safi la mafuta ya haidroliki kadiri kitabu kinavyoagiza, na uivute na kuisukuma polepole mpaka mapovu yaishe. Ikivuja kwenye fimbo, badilisha oringi, ile pete ya mpira. Zipo pia dampa za kisasa zenye mpira ndani badala ya mafuta. Hizo hazijazwi, hukaguliwa na kubadilishwa.

Hatua ya 7: Rodi na unyoofu

Shusha pua, weka ndege sehemu bapa, sukuma ndege mita chache mbele gurudumu likiwa limenyooka. Funga pedali mbili zikae sambamba kwa ubao. Usukani wa mkia uwe katikati kabisa. Ikiwa gurudumu halitazami mbele, rekebisha rodi, siyo kitu kingine. Hakikisha uzi wa rodi umeingia vya kutosha na nati ya kufungia imekazwa. Springi iliyochoka utaijua: pedali moja inarudi haraka, nyingine inasinzia.

Ndege zote hazifanani. Piper PA-28 inaunganisha pedali na gurudumu moja kwa moja, kwa hiyo kukanyaga pedali ikiwa imesimama ni kulazimisha vyuma. Cirrus SR22 na Diamond DA40 hazina usukani wa pua kabisa; gurudumu linajizungukia lenyewe na rubani anaongoza kwa breki. Zikivuta upande, anzia kwenye breki.

Makosa yanayoletwa na kuvuta ndege

Vitu vingi vilivyopinda nilivyowahi kuvitoa havikupindishwa na rubani. Vilipindishwa hangani, na mtu aliyekata kona kwa fimbo ya kuvutia akapita mpaka wa gurudumu kugeuka, au aliyeivuta huku kufuli la usukani wa mkia limefungwa. Kwenye Cessna Caravan kuna kibao kidogo kinachovunjika mpaka huo ukipitwa; kama kimevunjika, kagua mfumo mzima kabla ndege haijaruka. Kwenye ndege kubwa, usukani wa haidroliki hutenganishwa kwa pini kabla ya kuvuta, na pini hiyo ina utepe mwekundu ili isisahaulike.

Ndege kubwa zina visa vyake. Tarehe 21 Septemba 2005, Airbus A320 ya JetBlue ilitua Los Angeles gurudumu la mbele likiwa limegeuka nyuzi 90, tairi zikawaka na kusagika mpaka ringi. Watu wote walitoka salama. Uchunguzi ulikuta vishikio vinavyozuia mguu usizunguke vimevunjika kwa uchovu wa chuma, na kilichovichosha ni majaribio ya usukani ambayo kompyuta ilikuwa ikiyafanya yenyewe kabla ya kila kutua.

Hatua ya 8: Iende ikajaribiwe

Kwanza endesha polepole kwenye mstari wa katikati, upepo ukiwa umetulia, miguu imeachia pedali kwa sekunde chache. Kisha kona za kushoto na kulia, uone kama zinalingana. Ongeza mwendo hadi pale mtikisiko ulipokuwa ukianzia, usipite. Rubani akae kushoto, wewe kulia, na uweke kiganja juu ya dashibodi: utausikia mtikisiko hapo kabla haujafika miguuni.

Kwenye kitabu cha ndege usiandike "usukani umekaguliwa, uko sawa." Andika psi ya tairi, psi ya mguu, bushi gani zilibadilishwa, dampa iliachwa au ilijazwa. Halafu ile bolti iliyolika ifungie kwa waya kwenye karatasi ya kazi. Mwenye ndege akija kuuliza bili, mpe aipitishe ukucha.